Saa ya Kinetic Ikizima: Itikise, Ichaji au Ipeleke kwa Fundi?

Mombasa haikosi saa za Seiko. Nyingine zimeletwa na jamaa waliofanya kazi Dubai, Maskati au Jeddah, nyingine zimerithiwa, nyingine zimeokotwa kwenye mitumba kwa bei ya bahati. Miongoni mwake zipo zilizoandikwa Kinetic usoni, na hizo ndizo zinazozua mabishano barazani. Mwenyewe aliambiwa ni saa isiyobadilishwa betri wala kutiwa ufunguo. Akaivaa miaka, kisha akaiweka kabatini. Siku ya arusi akaitoa, akaikuta imezima. Hapo kila mtu huwa fundi. Mmoja atasema ianike juani. Mwingine ameona kwenye simu mtu akiilaza juu ya chaja isiyo na waya. Wa tatu ana shemeji aliyeifunga kwenye pangaboi, eti ikazinduka.

Baadhi ya ushauri huo una chembe ya ukweli ndani yake, na chembe hiyo ndiyo inayowapoteza watu.

Tuanze na aina za saa, maana mkanganyiko mwingi huanzia hapo. Saa ya ufunguo ina springi; unaikaza kwa vidole, nayo ikilegea husukuma akrabu. Saa ya otomatiki ina springi hiyo hiyo, ila hukazwa na kipande cha chuma kinachozunguka ndani yake kila mkono unaposogea. Hizo mbili hazina umeme hata kidogo. Saa ya betri haina springi: kuna kijiwe cha kwatsi kinachotetemeka mara 32,768 kila sekunde, na saketi huihesabu mitetemo hiyo na kuisogeza akrabu kwa wakati wake. Seiko ndiyo iliyouza ya kwanza ya mkononi ya aina hiyo, Astron, mjini Tokyo Desemba 1969. Halafu kuna saa ya mwanga, kama Eco-Drive za Citizen: nayo ni ya kwatsi, ila umeme wake hutokana na mwanga unaopenya usoni mwake.

Kinetic imechanganya. Inapima wakati kama saa ya betri, lakini inalishwa na mkono kama otomatiki. Seiko iliionyesha hadharani mara ya kwanza mwaka 1986, ikaanza kuiuza 1988 kwa jina la AGS, na jina la Kinetic likaja 1991. Kwa hiyo ukisikia mtu akisema saa yake ya Kinetic haina betri, mwambie ina kitu kinachoshika nafasi ya betri. Haina ile betri ya kutupa tu.

Ukifungua mfuniko wa nyuma, kwanza utaona uzito wenye umbo la nusu mwezi unaoning'inia katikati. Mkono ukisogea, uzito huo huzunguka. Chini yake kuna magurudumu ya meno yanayoongeza kasi, na mwisho wa safu hiyo kuna sumaku ndogo mno inayozunguka karibu na koili, yaani waya mwembamba uliosokotwa maelfu ya mara. Seiko husema sumaku hiyo inaweza kufikia mizunguko 100,000 kwa dakika. Umeme unaozaliwa hapo huenda kwenye hifadhi: kwa saa za mwanzo ilikuwa kapasita, kwa za baadaye ni betri ndogo ya lithiamu inayochajika. Saa hula kutoka kwenye hifadhi hiyo. Ukiivua, huendelea kutembea mpaka akiba iishe. Saa za mwanzo zilibeba akiba ya siku chache tu. Kwa toleo kama 5M62, akiba ikijaa kabisa inaweza kufika kiasi cha miezi sita.

Sasa kumbuka dainamo ya baiskeli, ile inayosugua tairi na kuwasha taa ya mbele. Ukiisukuma baiskeli kwa mkono polepole, dainamo inazunguka na wewe unaiona inazunguka, lakini taa haiwaki. Panda, kanyaga kwa nguvu, taa inawaka. Michael Faraday alionyesha mwaka 1831 kwamba sumaku iliyotulia mbele ya waya haizalishi kitu. Ni mabadiliko yanayozalisha umeme, na mabadiliko yakiwa ya haraka ndivyo volti zinavyopanda. Ndani ya Kinetic kuna sharti la ziada. Umeme ule lazima uwe na volti zinazozidi zilizomo ndani ya hifadhi, la sivyo hauingii. Si kwamba unaingia kidogo kidogo; hauingii kabisa. Mtu anayeipepesa saa yake kwa adabu nusu saa nzima anaweza kuishia mikono mitupu, na mwenzake aliyeitikisa kwa kasi dakika chache akapata chaji ya siku nzima.

Ukielewa hilo, karibu kila ushauri wa barazani unaweza kuupima mwenyewe.

Kuitikisa kwenyewe

Wengi huitikisa Kinetic kama chupa ya dawa ya kikohozi, juu chini, uso wa saa ukiangalia dari. Ule uzito huzunguka sambamba na uso wa saa, kwa hiyo ukiupiga kutoka juu huna unachouzungusha. Simamisha saa, namba 12 iwe juu na uso ukutazame, kisha ipeleke kulia na kushoto kwa umbali wa kama sentimita ishirini, mara mbili hivi kwa sekunde. Ikisimama hivyo, uvutano wa dunia unakusaidia: uzito unaanguka, unapanda, unaanguka tena. Utausikia ukivuma ndani. Kama husikii mvumo wala kuhisi kitu kinachozunguka, acha. Tatizo ni la mashine.

Saa iliyokauka kabisa inahitaji mamia ya mitikiso ili ipate akiba ya siku moja au mbili. Ikianza kutembea na akrabu ya sekunde ikaruka hatua za sekunde mbili mbili, inakuambia ina njaa. Endelea mpaka irudi hatua moja moja, kisha ivae. Matoleo mengi yana kitufe karibu na namba 2. Ukikibonyeza, akrabu ya sekunde hukimbia mbele sekunde 5, 10, 20 au 30 kulingana na akiba iliyopo, halafu hujirekebisha yenyewe. Ile 5 ni ya siku chache. Ile 30, kwa 5M62, ni ya miezi. Lakini usikibonyeze mara tu baada ya kutikisa, maana volti za hifadhi huwa zimepanda kwa muda na kipimo kinasema zaidi ya ukweli. Subiri kidogo kwanza.

Kuvaa ndiyo chaji bora kuliko zote, ila si kila mkono unachaji sawa. Muuza kahawa anayezunguka Mji wa Kale na dele, mkono mmoja ukigonganisha vikombe, hatawahi kuona saa yake ikiruka sekunde mbili. Dada anayekuna nazi kwa mbuzi kila mchana, kama atakubali kuiweka saa karibu na tui, anaichaji vizuri kabisa. Karani anayekaa mezani kuanzia asubuhi hadi jioni, kiwiko juu ya meza, akapanda gari mpaka Kisauni na kulala mapema, huyo ana haki ya kulalamika: saa yake inatumia zaidi ya inachopata. Na mzee mstaafu aliyepewa saa hii kama zawadi ya heshima kwa miaka yake ya kazi yuko kwenye hali hiyo hiyo. Nadhani hao ndio hasa wanaotafuta njia mbadala, na wana sababu. Mtetemo wa tuktuk, kwa taarifa, hauwasaidii sana. Ni mfupi mno kuuzungusha ule uzito duara zima.

Jua, pangaboi na mashine za kuzungushia

Jua kwanza. Halifanyi chochote. Uso wa Kinetic hauna paneli ya kupokea mwanga, na walioiona saa ikizinduka baada ya kuanikwa ama walikuwa na saa ya mwanga, ama waliitikisa bila kujua walipokuwa wakiibeba. Madhara yapo lakini. Maelekezo ya saa hizi huonya dhidi ya joto la kupita nyuzi 60, na gari lililoegeshwa juani Mama Ngina mwezi wa pili, madirisha yakiwa yamefungwa, linaweza kufika huko juu ya dashibodi yake. Joto huchosha betri ya lithiamu na hukausha mpira unaozuia maji.

Pangaboi lina ujanja wake. Mtu anaona saa inazunguka kwa kasi, anadhani lazima ichaji. Lakini kitu kikizungushwa kwa mwendo ule ule bila kubadilika, ule uzito wa ndani husukumwa upande wa nje na kubaki hapo hapo, umeganda. Saa inazunguka, uzito hauzunguki ndani ya saa. Umeme utapatikana sekunde chache pangaboi linapoanza na linapozimwa, basi. Zaidi ya hapo unangoja ukanda ukatike na saa ipige ukuta.

Mashine za kuzungushia saa za otomatiki, zile za kisanduku, nazo huwadanganya watu kwa sababu zinafanya kazi vizuri kwa otomatiki. Springi haina sharti la kasi. Ukiikaza polepole inakazika. Kinetic inalo. Kisanduku kinachojigeuza taratibu kinaifanya dainamo izunguke kama baiskeli inayosukumwa kwa mkono. Zipo mashine zilizotengenezwa kwa ajili ya Kinetic, zinazopepea saa kwa kasi badala ya kuigeuza, na hizo ni habari nyingine. Kabla ya kununua, uliza ni ya aina gani, na muuzaji asiyejua tofauti usimpe pesa yako.

Kuna pia wanaoifunga saa kwenye mashine ya seremala ya kupiga msasa au msumeno wa umeme unaokwenda mbele nyuma. Inachaji, kwa kiasi. Pia inalegeza skrubu na kuugonga ule uzito kwenye mhimili wake maelfu ya mara. Kwa saa ya babu yako sikushauri.

Chaja zisizo na waya

Hapa ndipo penye ukweli mwingi zaidi, na hatari nayo imezidi kidogo, kwa hiyo tukae kidogo.

Koili iliyo ndani ya saa haijali sumaku inayobadilika imetoka wapi. Ndani ya saa, mabadiliko yanaletwa na sumaku ndogo inayozunguka. Ukiweka saa juu ya koili nyingine ya nje yenye umeme unaogeuka mbele na nyuma, koili ya ndani itapata umeme vile vile, na umeme huo utapita njia ile ile ya kawaida hadi kwenye hifadhi. Seiko wenyewe walilitumia jambo hilo: walitengeneza kisahani cha kuchajia kwa ajili ya maduka na mafundi, YT02A, unachoilaza saa juu yake bila kuifungua. Kwa hiyo wazo la kuchaji kwa mbali si uzushi.

Wajanja wa nje wakagundua kwamba kitako cha kuchajia mswaki wa umeme kina koili ya namna hiyo, nacho hakimuulizi mtu kitambulisho: ukikichomeka kwenye soketi kinatoa nguvu muda wote, kuna mswaki au hakuna. Wakailaza Kinetic pale, mgongo wa saa karibu na kile kichwa cha kitako, ikaamka. Inafanya kazi kwa baadhi ya matoleo. Inategemea koili ya saa imekaa upande gani, kwa hiyo lazima usogeze saa kidogo kidogo mpaka akrabu ianze kuitikia, na inategemea mfuniko wa nyuma umezuia kiasi gani. (Huku kwetu wengi bado tuko kwenye mswaki wa mti, ambao hauna chaja.)

Chaja ya simu isiyo na waya inafanana kwa macho na kile kitako, lakini tabia yake ni nyingine. Kwanza, inauliza kabla ya kutoa. Hutuma mpigo mdogo, husubiri simu ijibu kwa lugha wanayoelewana, na isipojibiwa haifungui umeme. Saa haijui kujibu. Ikihisi chuma kisichoeleweka juu yake, chaja nyingi huzima makusudi. Pili, umeme wake hugeuka haraka mno, laki moja au zaidi kwa sekunde, na kwa kasi hiyo nguvu nyingi huishia kwenye chuma cha kasha na kugeuka joto kabla ya kuifikia koili. Kwa hiyo ukikutana na chaja mbovu isiyokuwa na ulinzi, unachopata ni saa ya moto. Zile video za simu zinazoonyesha akrabu ikicheza juu ya chaja si ushahidi wa chaji kuingia: akrabu ya Kinetic inaendeshwa na mota yenye koili yake, na koili hiyo nayo inachokozwa na sumaku ya nje. Akrabu inaweza kuruka huku hifadhi ikiwa tupu vile vile.

Ukiamua kujaribu kitako cha mswaki, fanya kwa dakika chache chache, iguse saa kila mara, na ikipata joto iondoe. Ukimaliza rekebisha saa, maana itakuwa imepotea majira. Na usifikirie kabisa kuunganisha waya wa chaja ya simu moja kwa moja kwenye hifadhi. Ile hifadhi ni ya volti 1.5 hivi, waya wa simu unatoa 5.

Njia mbadala iliyo safi kuliko zote Seiko waliitengeneza wenyewe, Kinetic Direct Drive, ambayo unaweza kuichaji kwa kuzungusha kile kichwa cha pembeni kama saa ya ufunguo. Lakini hiyo ni saa nyingine. Kwenye Kinetic ya kawaida kichwa cha pembeni ni cha kurekebisha saa na tarehe tu, uzungushe mpaka kidole kiote sugu.

Je, kuna pa kuiweka hiyo chaji?

Swali hili watu hulikimbia, nalo ndilo la kwanza. Saa nyingi za Kinetic zinazofika kwa fundi Mombasa zimekwisha tikiswa, kuanikwa na kuchajiwa kila namna, na tatizo lilikuwa hifadhi imekufa. Kapasita za miaka ya mwanzo zilijulikana kwa hilo: zilipungua uwezo mwaka hadi mwaka, mpaka saa iliyokuwa ikilala siku tatu ikawa haifiki alfajiri. Ndiyo maana Seiko walihamia betri ya lithiamu, na saa nyingi za zamani zinaweza kuvikwa hiyo mpya. Betri ya lithiamu nayo ina umri wake, hasa ikiachwa tupu kabatini muda mrefu.

Kuipima ni rahisi. Itikise vizuri kama nilivyoeleza, ivae siku nzima ukitembea nayo, iwe imekwenda bila kuruka. Usiku ivue, iweke juu ya meza. Asubuhi ikiwa inatembea, hifadhi ina uhai na ulichokosa ni mwendo tu. Ikiwa imesimama saa chache baada ya kuivua, hakuna kisahani, kitako wala mtikiso utakaoiponya. Uliza bei ya hifadhi mpya.

Kuna saa moja ya kuiogopa kuihukumu: Kinetic Auto Relay. Hiyo ikikaa siku tatu bila kusogezwa, inasimamisha akrabu makusudi ili kutunza akiba, huku ndani ikiendelea kuhesabu wakati, hadi miaka minne. Ukiitikisa kidogo, akrabu zinakimbia zenyewe hadi majira sahihi. Wapo walioiuza kwa bei ya kutupa wakidhani imekufa, kumbe imelala.

Ukifika kwa fundi, usimwambie, "Ami, weka betri yoyote itembee." Betri za kawaida za saa, zile za oksidi ya fedha, baadhi yake zinaingia vizuri kabisa kwenye nafasi ya hifadhi ya Kinetic, na saa itatembea. Lakini hazikuumbwa kuchajiwa, na ule uzito utaendelea kuzichaji kila ukitembea. Seiko wanaonya waziwazi: zinaweza kupata moto, kupasuka au kuwaka. Fundi mwenye uzoefu atakataa, na ukimsikia anakubali haraka, chukua saa yako.

Geuza saa usome nyuma. Utakuta herufi na namba kama 5M62-0A10. Zile nne za kwanza ndizo jina la mashine, na ndizo fundi anazohitaji ili kuagiza hifadhi inayofaa. Vipuri hivyo kwa kawaida huanza na 3023, lakini vipo vya aina kadhaa na haviingiliani vyote. Mwombe pia abadilishe mpira wa mfuniko wakati ameufungua. Hewa ya pwani ina chumvi na unyevu, na mfuniko uliofunguliwa ukarudishwa na mpira wa zamani hauaminiki tena kuogelea nao Nyali wala Bamburi, hata kama nyuma pameandikwa mita mia.